Kabla ununue dekoda, uliza pawa yake iko wapi (uzoefu wangu, Jinja)

Niko Walukuba hapa Jinja, Uganda, na haya ni ya mtu aliyetoa pesa zake mwenyewe, hakuna duka limenituma. Dekoda ninazosema hapa ni zile za antena, za chaneli za bure, sio za dishi. Nimekuwa nazo mbili na zote nimezifungua, moja kwa hasira na nyingine kwa kutaka tu kujua.

Ya kwanza nilinunua 2019, boksi jeusi zito kiasi, waya wa umeme umetoka moja kwa moja mgongoni mpaka soketi. Hilo la waya shika kichwani, tutarudi. Ilifanya kazi miaka sita bila shida, chaneli zikipotea ni antena imesukumwa na upepo, basi. Alafu Agosti 2025, jioni ile Uganda Cranes wanacheza na Afrika Kusini kwenye CHAN pale Namboole, nusu saa kabla ya mechi umeme ukakatika ukarudi, ukakatika tena ukarudi, na dekoda haikurudi. Taa nyekundu, kijani, nyekundu, kijani, na ndani unasikia tik tik tik kama saa ya ukutani. Banange! Mechi nikaisikilizia kwa redio ya simu. Jirani alikuwa anaangalia kwa TV, na picha ya dijitali inachelewa kuliko redio, kwa hiyo mi nashangilia kwanza yeye bado anauliza huyu wa upande wa pili amepatwa na nini, na vile wavulana walirudisha kutoka 3-1 mpaka 3-3 nadhani alinichukia kabisa.

Kesho yake nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Hakupima kitu. Akafungua, akaangalia sekunde tano, akasema "mzee hii ni kapasita tu", yaani vile vidude vya kutunza umeme kwa muda, akang'oa mbili kutoka bodi ya redio iliyokufa kwenye rundo lake, akalehemu, dekoda ikawaka, elfu 20. Nikafurahi. Wiki tano baadaye tik tik tik imerudi.

Hapo ndo nikasema sasa nafungua mwenyewe. Nilisoma umeme kidogo zamani, mita ya kupimia umeme ninayo, na bisibisi sio kitu cha kukopa.

Ukifungua, hakuna mambo mengi kama vile watu wanafikiri. Bodi ni moja tu, imegawanywa kwa mstari mweupe. Upande mmoja ni pawa, ule mwingine ndo dekoda yenyewe. Upande wa pawa unaanza na fyuzi ndogo ya kioo, daiodi nne za kugeuza umeme wa AC kuwa DC, alafu kapasita moja nene imeandikwa 400V. Hio nene iheshimu. Umeme wetu ni 240V, ukishapita kwenye zile daiodi na kujaa kwenye kapasita unafika karibu 340V, na ukichomoa waya ukutani haimaanishi umeondoka, unaweza kukaa pale unakungoja. Mimi ulinitwanga kidoleni mpaka nikaangusha bisibisi, na ile dekoda ilikuwa imechomolewa! Siku hizi naigusisha kwanza miguu ya kapasita na rezista, kidude cha kuumaliza ule umeme polepole, nasubiri, napima, ndo naingiza mkono.

Baada ya hapo kuna transfoma ndogo imefungwa plasta ya njano, na upande wa pili wa mstari zinatoka volti 5 zinazolisha kila kitu. Hapo ndo kulikuwa na ugonjwa. Kapasita mbili za 1000µF, zile alizoweka fundi, vichwa vimevimba kama chapati kwenye kikaango. Nikapima laini ya 5V nikakuta inacheza 3.4, 3.8, inapanda, inashuka. Ndo maana ya ile tik tik: pawa inajaribu kuamka, mzigo unaivuta chini, inazima, inajaribu tena. Dekoda yenyewe ilikuwa nzima kabisa, ni kama mtu mzima wa afya amenyimwa chakula.

Nikaangalia zile kapasita kwa karibu, zimeandikwa 85°C. Zile za kiwandani zilizokuwa pale mwanzo (fundi alinirudishia kwenye kaveera, mfuko wa plastiki, Mungu ambariki kwa hilo) zilikuwa 105°C. Watu wanaona hio namba ni mapambo. Kapasita za aina hii zina maji maji ndani, joto linayakausha, na hesabu ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 zikiongezeka maisha yake yanakatika nusu. Sasa chukua ya 85, tena imetumika kwenye redio miaka isiyojulikana, iweke ndani ya boksi lililofungwa, wiki tano ilikuwa hata bahati. Nikaenda kwa muuza vipuri nikaomba mpya, 1000µF, 105°C, na badala ya 10V nikachukua 16V. Volti ukizidisha hakuna ubaya, ukipunguza ndo italipuka, ila pima kwanza kama mwili wake utaingia maana ya 16V ni nene kidogo. Shilingi elfu moja moja. Elfu mbili yote! Nikalehemu usiku, ikawaka, laini ya 5V imekaa 5.1 haitikisiki, na mpaka leo inafanya kazi.

Lakini kitu kilichoniudhi sio fundi. Ni bodi yenyewe. Pale umeme unapoingia, karibu na fyuzi, bodi imechapishwa alama ya varista, kile kidude cha duara kinachomeza umeme ukija kwa nguvu ghafla, na pembeni alama ya koili ya kuchuja. Kwenye varista mashimo mawili matupu. Kwenye koili wameweka vipande viwili vya waya. Maana yake aliyechora hii saketi alijua inatakiwa, na aliyetengeneza akasema tuache, tuokoe senti. Kibandiko cha nyuma kinajisifu 100–240V na ni kweli, umeme ukishuka jioni kila mtu anapika na mita inasoma 180 dekoda haijali. Shida ni ule wa kurudi. Huku umeme ukirudi unarudi na hasira, na unakuta mlango uko wazi. Na sisi hapa tunaliona bwawa la Owen Falls, la tangu 1954, karibu tulisalimie kwa mkono, na bado taa zinacheza disko, haya tuyaache.

Kosa lingine ni letu, sitalificha. Dekoda yangu ilikuwa imekaa juu ya amp ya muziki, na juu yake mama watoto ameweka kitambaa cha kufuma, kile cheupe cha maua, kizuri kweli. Matundu ya hewa yako juu! Chini inachomwa na amp, juu imevishwa blanketi. Nilipomwonyesha kapasita zilizovimba akasema sawa, kitambaa kikahamia kwenye redio. Siku ya tatu wageni walikuja, kitambaa kimerudi.

Upande wa dekoda yenyewe nitasema kwa kifupi maana hauna matatizo sana. Chipu kubwa katikati ndo inafanya karibu yote: inapokea ishara kutoka tyuna (sehemu inayonasa mawimbi ya antena), inaifungua, inageuza picha na sauti, inapeleka HDMI. Yangu ni MStar, kampuni ya Taiwan ambayo baadaye ilimezwa na MediaTek. RAM iko ndani ya chipu humo humo, ndo maana ukitafuta chipu ya memori pembeni huioni. Kile kidude cha miguu minane kimeandikwa 25Q32 ndo kinabeba programu ya dekoda na orodha ya chaneli zako. Hapa nicheke kidogo. Muuzaji wa duka alikuwa ameniambia "ssebo hii ni kali, ina memori ya 32", mimi nikadhani ni giga 32 kama simu. Kumbe hio 32 ni megabiti, ukigawa kwa nane ni megabaiti 4. Nne! Picha moja ya simu yangu haiingii. Na inatosha kabisa kwa kazi yake, tatizo ni mdomo wa muuzaji tu.

Baada ya kuanza kushinda kwa mafundi nikaona kitu kingine. Kwenye rundo lao kuna dekoda za majina tofauti tofauti, rangi tofauti, moja inauzwa ghali kuliko nyingine, ukifungua bodi ni ile ile, mpaka maandishi meupe na namba ya toleo. Kwa hiyo mtu akikwambia jina fulani ndo orijino mwambie afungue tuone.

Sasa ya pili. Nilihitaji nyingine ya nyumbani kwa mama, kule umeme ni wa sola zaidi. Safari hii sikuuliza chaneli wala rangi ya menyu. Niliuliza vitu viwili tu. Kwanza, je ni DVB-T2? Uganda ishara ya antena ni T2, na boksi za zamani za DVB-T tu zinazoletwa na ndugu kutoka nje hazishiki kitu hata antena ukiiweka juu ya mnara, na za S2 ni za dishi, kwa sura zote zinafanana. Pili, pawa iko ndani, kama ile ya kwanza yenye waya uliotoka moja kwa moja mgongoni, au nje? Muuzaji aliniangalia kama nimeuliza dekoda ina figo ngapi. Nikamwambia toa kwenye katoni nione. Moja ilikuwa na adapta ya nje, 12V 1A, nikachukua hio, elfu 75 baada ya kubishana.

Nyumbani nikaifungua kabla hata haijaonja umeme, ndio, nimepoteza waranti, na waranti yenyewe ilikuwa risiti ya mkono. Ndani ni padogo sana. Tyuna ambayo kwenye ile ya zamani ilikuwa boksi la bati linalong'aa, hapa ni chipu ndogo kuliko ukucha imekaa nyuma ya tundu la antena. Upande wa pawa kuna chipu mbili tatu ndogo za kushusha 12V kwenda 5, 3.3 na chini zaidi, na koili zake, basi. Hakuna 340V mahali popote ndani ya boksi, hata mtoto akichokonoa na kijiti hatapata kitu cha kumrusha. Joto la kugeuza umeme wa ukutani limebaki kwenye adapta huko sakafuni. Nikaiwasha masaa matatu, chipu kubwa nikaigusa ina joto la chai iliyosahauliwa kidogo, na wameiwekea kipande cha aluminiamu juu. Ile ya zamani haikuwekewa kitu.

Ubaya wake upo. Vidude ni vidogo mno, ikiungua chipu ya pawa sio kazi ya mkono wangu, itataka mtu mwenye mashine ya hewa moto. Skrubu ni mbili tu na plastiki ni nyepesi, ukivuta HDMI boksi lote linakufuata. Na adapta iliyokuja nayo ni nyepesi ukiitikisa unajiuliza kama kuna kitu ndani. Lakini adapta ikifa nanunua nyingine ya 12V sokoni, naangalia plasi iko katikati ya plagi, nachomeka, mechi inaendelea. Ile ya ndani ikifa unabeba dekoda nzima kichwani.

Na faida ambayo sikuitarajia: inakubali betri ya sola moja kwa moja bila inveta. Nilipima inakula 0.4A ikiwa inaonyesha chaneli, yaani kama wati 5. TV ndogo ya mama nayo ni ya 12V. Kabla ya kuunga niliangalia jambo moja, betri ikiwa inachajiwa inaweza kufika 14.4V, kwa hiyo nilifungua kuona kapasita ya mlangoni imeandikwa ngapi na ile chipu ya kwanza inabeba mpaka volti ngapi. Kapasita ni 25V, chipu inafika 18, nikaunga. Kama yako imeandikwa 16V mimi ningeogopa kidogo, na fyuzi ya 1A kwenye waya wa betri usiache.

Ukiwa na antena ile yenye busta yake ya kuongeza nguvu, kumbuka dekoda ndo inailisha 5V kupitia waya wa antena, na hii mpya imekuja hio sehemu imezimwa kwenye menyu. Nilihangaika nusu siku juu ya bati, nazungusha antena, mama chini anapiga kelele "bado, bado", kumbe ni kitufe.

Ile ya kwanza sasa iko chumba cha watoto. Nimeilehemu varista mwenyewe kwenye yale mashimo matupu na nimeipitisha kwenye pawa gadi inayosubiri dakika tatu umeme ukirudi. Rimoti za dekoda zote mbili ni takataka, kitufe cha sauti kinakufa kabla ya mwaka, na hapo hakuna cha kufungua, ni mpira na kaboni tu, nilinunua ya kuiga elfu 8 nikamaliza.