Chakula safi, meneja ndo shida (mkahawa mmoja Langoni, Lamu)

Jina naliacha. Nimekula hapa miaka, tangu huyu meneja akiwa weita tu, mpole yani hujaketi vizuri ashasema "karibu kakangu, leo kuna nguru wa kupaka". Sasa kapewa funguo za kaunta, weh! Juzi kijana anayehudumia kamwaga maji ya ukwaju kidogo mezani kwangu, jamaa akamfokea mbele ya wateja eti glasi itakatwa kwa mshahara, na glasi yenyewe haikuvunjika. Mtoto wa watu kashika kitambaa anafuta pale pale palipokauka zamani. Nikamwambia kakangu, si wewe ulinimwagia mchuzi kwa kanzu siku ya Maulidi tukacheka? Akainamia simu.

Wali wa nazi uko vilevile, mkate wa mofa moto, bei haijapanda. Ila wakati nalipa mwenye mkahawa akaingia, na ghafla jamaa sauti asali tupu, "mwanangu pole, nenda kapumzike", nikabaki kinywa wazi.

Nyota 3, zote za mpishi. Tipu nimempa kijana mkononi, si kaunta.