Nyuki wa mzinga au Osmia kwa mitufaha?

Mitufaha mingi haizai kwa chavua yake yenyewe. Huhitaji chavua ya aina nyingine ya mtufaha iliyopandwa jirani, na nyuki ndio wabebaji. Huko Aomori, Japani, wakulima wa matufaha wamezoea kumtumia Osmia cornifrons, nyuki anayeishi peke yake ndani ya matete.

Ukimtazama Osmia na nyuki wa mzinga, yaani nyuki wa asali, kwa karibu, hawafanani kabisa. Nyuki wa asali huilowesha chavua kwa nekta na kuifunga miguuni, na kwenye maua ya Red Delicious, aina mojawapo ya tufaha, hujifunza kupenyeza mdomo kwa pembeni, akanyonya bila hata kugusa stigma, sehemu ya ua inayopokea chavua. Osmia hutua katikati ya ua, tumbo limejaa chavua kavu inayopukutika kwa urahisi. Tena huruka hata asubuhi ya baridi, wenzake wakiwa bado mzingani. Ua lisipochavushwa vizuri, tufaha hukua limepinda upande usio na mbegu.

Mzinga nao una asali, una maelfu ya nyuki, na huhamishika shamba hadi shamba. Osmia haendi mbali na kiota chake. Kwa shamba dogo lenye baridi, mimi namchagua Osmia bila kusita, mradi matete yawekwe mapema na dawa za wadudu zisipulizwe maua yakiwa yamechanua.