Kozi ya foreksi hapa Dodoma: niliuliza swali moja, nikaambiwa nirudi kwenye alizeti

Ndugu zangu mnaotafuta kozi ya kutredi foreksi, yaani kununua na kuuza fedha za kigeni mtandaoni, someni hapa kabla hamjatuma hela. Kituo sikitaji jina. Nililipa laki mbili na nusu, hela ya alizeti.

Siku za mwanzo nilifurahi, sitasema uongo. Pale kuna dada msaidizi, anafundisha taratibu, harudii kwa hasira. Aliandika ubaoni: akaunti ya dola 100, umefungua loti 0.10 (loti ni kipimo cha ukubwa wa biashara) ya yuro kwa dola, kila pipsi, yaani hatua ndogo ya bei, ni dola 1. Bei ikikuendea kinyume pipsi 80, umebaki na dola 20. Akasema levereji ya 1:500, yaani broka kukuruhusu ushike biashara kubwa kuliko hela yako, itakuruhusu kufungua hata mara tatu yake, na hapo ndipo watu wanapounguza akaunti. Kwa somo lile nilisema hela yangu imefika.

Halafu akaja mwalimu mkuu. Kijana, rika la kitindamimba wangu. Saa nzima anatuonesha picha za faida kwenye simu. Nikanyoosha mkono. Nikamwambia, mwalimu, mamlaka ya masoko ya Ulaya, ESMA, ilisema mwaka 2018 kwamba akaunti 74 hadi 89 kati ya 100 za wateja wa kawaida wa CFD, mikataba ya kubashiri bei ikiwemo ya foreksi, hupoteza fedha, na mabroka wa kule wanalazimika kuliandika onyo hilo. Tuoneshe na wewe taarifa ya akaunti yako, siku za hasara zikiwemo.

"Mzee, hapa tunafundisha washindi. Kama una roho ndogo, rudi kwenye alizeti."

Darasa likacheka. Jamani, alizeti ndiyo iliyomlipa! Alizeti imenisomeshea watoto wanne. Shikamoo hakunipa, na jibu hakunipa mpaka leo.

Siku hiyohiyo, Ijumaa ya kwanza ya mwezi, akatoa signali mchana, yaani agizo la kununua au kuuza: wote tununue. Ijumaa kama hiyo ndiyo mara nyingi inatoka ripoti ya ajira ya Marekani, kwetu saa tisa na nusu au saa kumi na nusu kutegemea majira yao. Ikitoka, bei huweza kuruka ghafla. Hakuitaja. Mimi nilikuwa kwenye demo, akaunti ya majaribio isiyo na hela ya kweli. Kijana wa UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, pembeni yangu alikuwa ameweka bumu, hela yake ya mkopo wa chuo. Mshumaa mmoja mwekundu, alama ya bei kuanguka kwenye chati, ulishuka, na yeye akawa anavuta skrini kwa kidole gumba, anavuta tena, kama salio litarudi. Lilisoma dola 3.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema: pamoja na yote nendeni, kwa ajili ya yule dada tu. Anafundisha vizuri kweli. Ila wakati wa kutoka nilimkuta kwenye ngazi, nikamuuliza, "Binti yangu, ile ripoti ulikuwa unaijua?"

Akasema, "Naijua, baba. Ila signali ni za bosi."

Basi hata hilo nalifuta. Msiende.