Nimebadilisha shafti ya draiva mara mbili hapa Moshi: uzoefu wangu

Shafti (mpini) ya kwanza ya draiva yangu, fimbo ya gofu ya kupigia mbali, ilikatikia shimo la tatu, uwanja wa Moshi Club, Jumapili asubuhi. Nilipiga kama siku zote, fimbo ikawa nyepesi ghafla mikononi, kichwa cha draiva kikaruka mbali kuliko mpira. Kedi, mbeba fimbo zangu, akaenda kukiokota na kunirudishia kwa mikono miwili, kimya, kama anayerudisha sahani ya watu.

Ilikatika sentimita moja juu ya shingo ya kichwa. Nyuzi zilikuwa zimechanuka kama muwa uliotafunwa, na ukinusa bado kuna harufu ya kuungua. Hapo nikajua. Ilikuwa shafti ya mtumba, grafaiti, niliyoinunua ikiwa bado imegandia kwenye kichwa kibovu. Fundi niliyempelekea (simtaji, ila sirudi) alikipiga kile kichwa moto wa kulehemu mpaka kikatoa moshi, kisha akaizungusha shafti kwa koleo kama anafungua bomba. Ilitoka. Nikamshukuru na hela nikalipa.

Shafti ya chuma ingeweza kuvumilia hayo. Ile ni bomba la chuma, ukiipasha gundi inalainika, unaizungusha inatoka. Grafaiti ni kitu kingine kabisa. Kiwandani wanachukua karatasi za nyuzi za kaboni zilizokwisha kulowekwa gundi, wanaziviringisha kama mkeka kwenye ufito wa chuma uliochongoka, wanazikaza kwa utepe juu yake, wanazioka kwenye tanuri, halafu ufito unachomolewa na kubaki uwazi katikati. Nyuzi zilizolala wima zinazuia shafti isipinde ovyo, zilizowekwa mshazari zinazuia isijisokote. Kinachozishikanisha zote ni ile gundi. Ukiiunguza, umebaki na nyuzi tu.

Safari ya pili nilielekezwa kwa mzee mmoja, kedi wa zamani, anafanyia kazi barazani kwake. Baada ya shikamoo nikampa shafti nyingine niliyoipata Arusha, nikamwambia hii ni S, ngumu, ndiyo ninayotumia.

"S ya nani?" akauliza.

Sikumwelewa. Akaibana kwa nyuma kwenye jiliwa, akaning'iniza kijiwe cha mizani kwenye ncha, akapima kwa rula imeshuka kiasi gani. Akafanya hivyohivyo kwa S nyingine aliyokuwa nayo, ya kiwanda kingine. Yangu ilishuka zaidi, karibu upana wa vidole viwili. Herufi ni ileile, fimbo mbili tofauti. Hakuna kipimo kimoja ambacho viwanda vyote vimekubaliana kuwa S ianzie hapa na R, ile laini zaidi, iishie pale. Kila mmoja ana S yake. Miaka yote hii nimekuwa nikinunua herufi!

Akaniuliza mpira wangu unapindia upande gani, akaniambia nipige mbili tatu hewani, ndipo akaamua kuikata kidogo upande wa ncha, kwa sababu ukikata kule shafti inakuwa ngumu zaidi. Urefu akaumalizia kwa kukata upande wa mshikio. Akapima unene wa ncha kwa kipimo cha vernia: milimita 8.5, sawa na tundu la kichwa changu. Rangi ya nchani akaikwangua kwa msasa taratibu, akiacha mara tu weusi wa kaboni ulipotokea, akapaka gundi ya mirija miwili na kuniambia niifuate kesho yake. Niliposema nina mechi jioni hiyo alicheka tu.

Kazi elfu 40. Kuna watakaosema ni ghali, lakini ya kwanza ilikuwa elfu 15 na nimekwishawaambia iliishia wapi.

Mwezi wa pili sasa. Mpira hautoki tena kulia kama zamani, japo bado unatoka siku nikiwa na haraka. Umbali sioni umeongezeka, na rafiki yangu anayeapa kwamba shafti yake mpya imempa yadi kumi nimemkumbusha kuwa alizipata Arusha, kwenye mita kama 1,400 juu ya bahari, hewa nyepesi. Aje azipige huku chini tuone. Na shafti siyo kila kitu: Bobby Jones, mchezaji gofu wa Marekani, mwaka 1930 alibeba mataji yote manne makubwa ya enzi zile kwa mipini ya mti wa hikori, na wakati huo chuma kilikuwa kimesharuhusiwa.

Malalamiko ninayo mawili. Mzee hana mashine ya kuhesabu mitikisiko ya shafti kwa dakika, kwa hiyo ukitaka seti nzima ilingane sawasawa, rula yake haitatosha. Na ile pete nyeusi ya plastiki shingoni imeanza kupanda, imeacha mwanya unaoingia ukucha. Nimempigia simu, kasema Jumamosi niilete, ila nisiisogeze mwenyewe na nisiipashe moto.