Chakula cha paka mwenye FIV kwa hela kidogo: kipi uanze nacho, kipi uachane nacho

Kama daktari wa mifugo kampima paka wako akasema ana FIV, ile wengi wanaita ukimwi wa paka, kwanza tulia. Haiambukizi binadamu, na paka wengi wanaishi nayo miaka na miaka. Ila kinga yake sio ya kuichezea, kwa hiyo hela ndogo uliyonayo iende kwenye chakula. Mi naangalia vitu viwili tu: kisiwe kibichi, na kiwe na taurini ya kutosha (kirutubisho kinachopatikana kwenye nyama na samaki), maana paka hawezi kujitengenezea ya kumtosha na akiikosa muda mrefu moyo unatanuka na macho yanakufa.

Namba 1: chakula kikavu cha paka, bei ya kati, mfuko uliofungwa kiwandani.
Soma nyuma paandikwe ni chakula kamili cha paka wakubwa, sio vitafunwa. Usitishwe na bei ya mfuko, piga hesabu ya siku: paka wa kilo 4 anakula kama gramu 50 mpaka 60 kwa siku, yani kilo moja inasogea siku 16 hadi 20. Gawa bei kwa 16 uone, mara nyingi ni nafuu kuliko kumnunulia samaki kila jioni. Paka wa FIV wanasumbuliwa sana na fizi na vidonda vya mdomo, ukimwona anasogelea bakuli, ananusa, anatafuna upande mmoja halafu anadondosha punje, ujue ana njaa ila inamuuma. Lowesha na maji ya uvuguvugu dakika kumi, harufu inapanda na anakula vizuri tu. Kikishalowa usikiache kutwa kwenye joto, kinachobaki mwaga.

Namba 2: mioyo ya kuku, firigisi na dagaa, vya kupika mwenyewe.
Hivi ni vya kuongezea juu ya namba 1, kama robo ya mlo, visiwe chakula chake chote maana vikibaki peke yake kuna madini na vitamini atakosa. Mioyo ya kuku ina taurini nyingi na kwa wauza kuku haina bei kubwa. Chemsha kwa maji kidogo, na ile supu usimwage jamani, taurini inahamia humo, mpe nayo. Dagaa toa mchanga, osha mara mbili tatu, chemsha, mpe wazimawazima na miba yao laini, hapo kapata kalsiamu. Maini kipande kidogo mara moja kwa wiki inatosha, yakizidi vitamini A inaharibu mifupa. Chumvi hapana, kitunguu maji na kitunguu swaumu hapana kabisa, vinaua chembe nyekundu za damu. Na mifupa ya kuku iliyopikwa inavunjika vipande vyenye ncha, usimpe.

Namba 3: chakula laini cha paka cha pauchi (vifuko vidogo) na makopo.
Vizuri, ila sehemu kubwa unalipia maji. Weka pauchi mbili tatu ndani kwa zile siku mdomo unamuuma amegoma kila kitu, ipashe moto kidogo kwanza.

Namba 4: kikavu cha kupima, kile cha kwenye gunia lililo wazi.
Bei inavutia lakini hujui gunia limefunguliwa lini, mafuta yake yanachacha, panya wanapita humo. Kwa paka asiye na ugonjwa labda, kwa huyu bora mfuko mdogo uliofungwa.

Usinunue kabisa: chakula cha mbwa (taurini haitoshi), utumbo na nyama mbichi (vina vijidudu vya salmonela na toksoplasma, kinga yake haiwezi huo mzigo), tuna ya kopo ya binadamu kila siku, maziwa ya ng'ombe yanayomharisha. Na zile dawa za kuongeza kinga za bei mbaya, ziache, hiyo hela itunze kwa dawa ya minyoo na kumhasi asiende kupigana nje, maana ugonjwa wenyewe unaenea kwa kung'atana.

Kila mwezi mpime uzito, panda mzani umembeba halafu panda bila yeye, toa. Akipungua mfululizo mpeleke kwa daktari, na akigoma kula siku nzima usisubiri ya pili iishe, ini la paka linajaa mafuta haraka akikaa na njaa.