Siki ya nipa ya Paombong katika adobo ya kuku

Katika adobo ya kuku, chakula cha Kifilipino cha nyama iliyopikwa kwa siki, siki si kiungo cha kunyunyizwa mwishoni ili kuchangamsha ladha, bali ndiyo maji ambamo nyama huivia. Kuku hutokota ndani yake tangu mwanzo, na rojo linalobaki sufuriani ni siki ileile iliyopungua na kuchanganyika na mafuta ya ngozi, kitunguu saumu na pilipili manga. Ndiyo maana tathmini hii inahusu siki ya aina moja tu: siki ya nipa ya Paombong, mji ulio katika mkoa wa Bulacan, kaskazini ya Manila, ambayo Wafilipino huiita sukang Paombong au sukang sasa. Nimeipikia adobo nikiilinganisha na siki nyeupe ya miwa, inayopatikana karibu katika kila duka la Ufilipino, na siki ya Ilocos, eneo la kaskazini mwa Ufilipino, ambayo rangi yake ni nzito zaidi. Hukumu yangu naitoa mapema: kwa adobo nyeupe isiyotiwa sosi ya soya, sijaona siki inayoishinda, kwa adobo ya soya, uzuri wake mwingi hufunikwa, na anayebana matumizi hatapoteza kitu kikubwa akitumia ile ya miwa.

Mnipa, mti ambao utomvu wake hutoa siki hii, ni ndugu wa mnazi, lakini shina lake hulala ndani ya matope, hivyo kinachoonekana juu ni makuti marefu yaliyosimama kama yameota moja kwa moja kutoka ardhini. Hustawi kwenye kingo za mito ambako maji baridi hukutana na maji ya bahari, na watu wa Bulacan wametumia makuti yake kuezekea nyumba kwa vizazi vingi. Mgema wa mnipa hapandi juu. Huingia kwenye matope, hukata kikonyo kinachobeba mkungu wa matunda, na kukinga utomvu mtamu unaotiririka. Utomvu huo huchachuka wenyewe upesi ukawa tembo, na ukiachwa kwa wiki kadhaa mahali penye hewa, bakteria huigeuza pombe yake kuwa asidi. Haihitaji hamira ya dukani wala asidi ya kiwandani. Siki changa huwa na weupe wa ukungu, kisha kadiri inavyokaa hugeuka kuwa ya manjano, halafu ya rangi ya chungwa iliyoiva au nyekundu hafifu.

Chupa nzuri hujitambulisha mara inapofunguliwa. Harufu yake ni kali bila kuchoma pua, na nyuma ya ukali huo kuna kitu kinachokumbusha matunda yaliyoanza kuchachuka. Ukiionja kwa ncha ya kijiko, uchachu hufika kwanza, kisha utamu mdogo, na mwishoni chumvi hafifu ambayo naihusisha na maji ya chumvichumvi ambamo mmea wenyewe huishi. Siki nyeupe ya miwa haina safari hiyo. Hupiga mara moja, kwa nguvu, ikanyamaza. Kwa kuchovyea samaki wa kukaanga ukali wa namna hiyo unaweza kupendeza, lakini sufuria inayotokota kwa zaidi ya nusu saa huhitaji siki yenye kitu cha kubaki baada ya ukali kuondoka na mvuke.

Upikaji wenyewe ndio uliothibitisha tofauti hiyo. Kwa kilo 1 ya mapaja ya kuku yenye ngozi na mifupa, kipimo kinachonipendeza ni mililita 120 za siki, maji mara mbili ya hapo, kichwa kizima cha kitunguu saumu kilichopondwa, kijiko kidogo cha pilipili manga nzima, majani makavu matatu ya laurel (bay leaf) na chumvi ya kutosha. Vyote huingia sufuriani pamoja vikiwa baridi, kisha moto wa kiasi huwashwa. Mfuniko hauwekwi mpaka siki ichemke vizuri, na mwiko hauingii kabla ya hapo. Wapishi wa Kifilipino huishika kanuni hii ya kutokoroga kwa nguvu sana, wakisema kwamba siki iliyosumbuliwa kabla ya kuchemka hubaki mbichi katika mchuzi. Kuhusu mfuniko, sababu iko wazi hata kwa asiyejua mila hiyo: asidi ya siki huruka pamoja na mvuke, na sufuria iliyo wazi huipa sehemu ya ukali njia ya kutokea.

Baada ya dakika 35 hadi 40, nyama ya kuku wa kisasa hulegea bila kuachana na mfupa. Kuku wa kienyeji, ambaye kwa maoni yangu ndiye anayestahili zaidi siki hii, huhitaji muda mrefu zaidi na maji ya kuongezewa. Hapo vipande huepuliwa na kukaangwa katika mafuta yaliyojitenga juu ya mchuzi, mpaka ngozi ipate rangi, huku mchuzi ukiendelea kupungua pembeni. Vikirudishwa sufuriani, rojo hushika kila kipande. Kwa siki ya nipa, rojo hilo lilikuwa na uchachu uliotulia, kitunguu saumu kilisikika kikiwa kitamu, na ladha ya kuku yenyewe ilibaki mbele. Kwa siki ya miwa, kwa vipimo vilevile, nililazimika kuongeza sukari kidogo ili kuulainisha uchachu, na baada ya hapo ladha ikawa nzuri lakini bapa. Siki ya Ilocos ni habari nyingine kabisa. Hutokana na basi, pombe ya miwa inayochachuliwa katika mitungi ya udongo iitwayo burnay, nayo ina uzito na giza vinavyofaa sana nyama ya nguruwe. Kwa kuku naiona imezidi nguvu, ingawa najua kwamba mtu aliyelelewa Vigan, mji wa Ilocos, hatakubaliana nami.

Sufuria nayo ina sehemu yake. Aluminiamu tupu haifai, kwa kuwa asidi huila na kuuachia mchuzi ladha ya chuma. Chungu cha udongo, ambacho Wafilipino huita palayok, ndicho cha asili, na sufuria ya chuma kisichoshika kutu au iliyopakwa enameli hufanya kazi vilevile.

Yupo atakayeuliza kwa nini nisifu adobo isiyo na soya wakati adobo nyingi zinazopikwa leo huko Manila ni za rangi ya kahawia. Ninaisifu kwa sababu ndani yake siki husikika yenyewe, na kwa sababu ndiyo sura ya zamani ya chakula hiki. Kupika nyama kwa siki na chumvi kulikuwapo visiwani kabla ya Wahispania kufika. Kamusi ya Kitagalog ya mtawa Pedro de San Buenaventura, iliyochapwa Pila, Laguna, mwaka 1613, tayari ilikitaja kama adobo ya wenyeji. Soya iliingia jikoni kupitia biashara na Wachina. Mwaka 2021, wizara ya biashara na viwanda ya Ufilipino ilipotangaza mpango wa kuweka kiwango cha mapishi ya adobo, wananchi walilalamika sana, na wizara ikalazimika kueleza kwamba nia yake ilikuwa kuitangaza adobo nje ya nchi, si kuwaamuru watu jinsi ya kupika majumbani mwao. Nilifurahi kuona malalamiko yale, maana kuna adobo ya tui la nazi, kuna ya manjano, kuna ya siki peke yake, na hakuna hata moja iliyo mtoto wa kambo.

Sasa kasoro, nazo si ndogo. Siki ya nipa mara nyingi huuzwa katika chupa au madumu yasiyo na lebo ya kueleweka, bila tarehe ya kutengenezwa wala kiwango cha asidi. Ukali wake hubadilika kutoka chupa hadi chupa, kwa sababu umri wa siki na hali ya utomvu havifanani, hivyo mpishi hana budi kuionja kila mara kabla ya kupima. Chupa moja niliyonunua kwa muuzaji wa rejareja ilikuwa nyeupe kama maji, haikuwa na harufu yoyote zaidi ya ile ya asidi, na mchuzi wake ulikuwa mkali na mtupu. Sikuwa na njia ya kuthibitisha ilitengenezwa kwa kitu gani, lakini sikuirudia. Hofu hiyo si ya kufikirika. Mwaka 2019 taasisi ya utafiti wa nyuklia ya Ufilipino, kwa kuchunguza isotopu za kaboni (atomi za kaboni zinazotofautiana kwa uzito), ilieleza kwamba siki nyingi ilizozipima zilikuwa na asidi ya kutengenezwa kwa kemikali badala ya ile inayotokana na uchachukaji, jambo ambalo kanuni za chakula za nchi hiyo haziruhusu katika bidhaa inayoitwa siki.

Kwa hiyo, chagua chupa inayomtaja mtengenezaji na mahali ilipotoka, iliyoandikwa kwamba imechachuka kiasili, na yenye ukungu au mashapo kidogo chini. Rangi ya chungwa peke yake isikushawishi, kwa kuwa rangi huweza kutiwa. Kwa anayepika adobo mara chache na kwa soya nyingi, siki ya miwa iliyo na lebo safi itamtosha. Kwa anayetaka adobo nyeupe, au anayempikia mtu aliyekulia Bulacan, hii ya nipa inastahili kutafutwa hata kama itachukua muda kuipata, na chupa ndogo yatosha kuanzia, kwa kuwa kilo 1 ya kuku haihitaji zaidi ya nusu kikombe.

Ihifadhiwe mahali penye kivuli, ikiwa imefunikwa. Utando laini ukijitokeza juu yake ni dalili kwamba bakteria wa siki bado wako hai. Chuja kwa kitambaa safi, kisha endelea kuitumia. Ukiona ukungu wenye manyoya au ukisikia harufu ya kuoza, hiyo imwagwe.