Kabla ya kuuliza injini, uliza gari lilikaa wapi wakati wa theluji

Prado yangu ya kwanza niliinunua kwa kutazama picha tu. Ilikuwa ya mwaka 1998, injini ya 1KZ-TE ya lita 3.0, viti havina hata doa, na ilipofika ikawaka mara moja bila moshi. Kuhusu injini ile nilikuwa nimesoma kila kitu. Nilijua ikichemka sana silinda hedi hupasuka, basi nikamsumbua muuzaji kwa maswali ya rejeta, feni na maji mpaka akanichoka. Chini ya gari sikuuliza neno.

Miezi minne baadaye fundi aliinyanyua abadilishe shokabu za nyuma. Akaniita. Alikuwa ameshika bisibisi, ncha yake ameiweka kwenye chesisi, ile fremu ya chuma inayobeba gari zima, juu kidogo ya ekseli ya nyuma, na ikazama mpaka mpinini. Hakutumia nguvu. Ile rangi nyeusi nzito iliyong'aa vizuri kwenye picha ndiyo iliyokuwa imebaki pale, chuma chenyewe kilishageuka maganda.

Mwaka huu peke yake wasomaji watatu wameniandikia habari inayofanana na yangu, mmoja wao akiwa ametumia akiba yake yote. Kwa hiyo mwongozo huu wa kununua gari la dizeli la kazi lililotumika kutoka nje hautasema lolote kuhusu ulaji wa mafuta, ukubwa wa buti wala idadi ya viti. Hayo utayapata popote. Nataka tuzungumze kuhusu kutu ya chesisi, halafu nipange magari kwa kuangalia hiyo kwanza na injini baadaye.

Kutu inayoanzia ndani

Watu wengi hudhani kutu ni ile inayoonekana kwenye mlango au ukingo wa tairi. Hiyo ni kasoro ya sura, mpiga rangi ataimaliza. Chesisi ya gari la kazi ni kama bomba la pembe nne lenye matundu ubavuni. Gari likipita kwenye barabara iliyomwagiwa chumvi ya kuyeyusha theluji, tope la chumvi huingia kwenye matundu hayo na kulala ndani. Kloridi ya kalisi, moja ya chumvi zinazotumika sana kwa kazi hiyo, huvuta unyevu kutoka hewani. Maana yake, hata gari likihamia nchi isiyo na theluji, chumvi iliyobaki ndani inaendelea kunywa unyevu na chuma kinaendelea kuliwa. Utaona nje pamekaa vizuri kumbe ndani pamebaki unene wa karatasi.

Nchini Japani theluji nzito na chumvi ya barabarani ni mambo ya Hokkaido, mikoa ya Tohoku, na upande unaotazama Bahari ya Japani kama Niigata. Gari lililoishi Okayama au Kagoshima ni habari nyingine kabisa. Na hapa mnunuzi wa dizeli ana hatari ambayo mwenzake wa petroli hana. Mwaka 2001 Japani ilikaza sheria ya moshi kwa maeneo ya miji mikubwa, Tokyo, Osaka na Nagoya, na dizeli nyingi za zamani hazikuweza tena kusajiliwa huko. Zilizobaki barabarani zilibaki nje ya maeneo hayo: mashambani, milimani, kaskazini. Nikiona dizeli ya miaka ya tisini inatoka Japani, mimi huanza kwa kuamini kwamba imeona theluji, mpaka nithibitishiwe vinginevyo.

Namna ya kuthibitisha

Omba karatasi ya mnada ya asili, yaani ripoti ya mkaguzi gari linapouzwa mnadani Japani, si tafsiri aliyoandika muuzaji. Kwenye mchoro wa gari mkaguzi huweka herufi: A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, S ni kutu, C ni chuma kilicholiwa. Karatasi inaweza kuwa na alama 4 za jumla na bado ina S na C zimejaa, kwa sababu alama ya jumla inabeba pia usafi wa ndani na kilomita. Watu hukimbilia alama hiyo wakaacha herufi. Soma pia maelezo ya mkono yaliyoandikwa pembeni. Mara nyingi kutu ya chini hutajwa pale kwa Kijapani, na sentensi hiyo ndiyo hupotea kwenye tafsiri.

Namba ya usajili ya Japani huandikwa jina la eneo juu kabisa. Wauzaji huifuta kwenye picha, basi uliza moja kwa moja ilikuwa ya wapi. Sapporo, Asahikawa, Aomori, Niigata: ukisikia hayo, usiendelee bila picha za chini. Mahali pa mnada pekee hapatoshi, kwa kuwa magari husafirishwa kutoka mkoa mmoja kwenda kuuzwa mwingine.

Picha zenyewe ziombe kwa majina. Chesisi juu ya ekseli ya nyuma, pande zote mbili. Vishikio vya springi. Sehemu ya juu ya tangi la mafuta, ambako tope hukaa na hakuna anayeosha. Viungo vya vyuma vinavyokatiza kati ya reli mbili, zile nguzo ndefu za chesisi. Halafu tundu la chesisi lenyewe, kamera imeelekezwa ndani na tochi inawaka. Muuzaji mwaminifu anaweza kuchukua picha hizo kwa dakika kumi. Angalia rangi nyeusi pia. Kama imepakwa hadi juu ya bolti, bushi za mpira na mabomba ya breki, basi aliyepaka hakuwa analinda chuma, alikuwa anafunika kitu.

Kama una mtu anayeweza kufika kwenye gari, mpe nyundo ndogo. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti butu kama ya kugonga ubao uliolowa, na wakati mwingine maganda humwagika kutoka kwenye tundu la jirani. Jaribio hili limeniokoa mara mbili tangu ile Prado.

Gari likitoka Uingereza, ambako barabara pia humwagiwa chumvi, una bahati moja kubwa: historia ya ukaguzi wa kila mwaka iko wazi mtandaoni, bure, ukiwa na namba ya gari tu. Soma maonyo ya mkaguzi mwaka hadi mwaka. Chesisi iliyotajwa kuwa na kutu mwaka mmoja, halafu ghafla haitajwi tena, imepakwa au imechomelewa. Australia haina tabia hiyo ya chumvi barabarani na ina dizeli nyingi za usukani wa kulia, lakini jihadhari na magari ya wavuvi yaliyokuwa yakiendeshwa ufukweni. Maji ya bahari hufanya kazi ileile. Dubai ni pakavu, chesisi zake nzuri mno, ila magari mengi ya kule ni ya petroli na usukani uko kushoto.

Ninavyoyapanga

Namba moja kwangu ni Land Cruiser ya familia ya 70 yenye injini ya 1HZ, na wala sifichi upendeleo wangu. Lita 4.2, silinda sita, haina tabo, pampu ya kimakenika isiyotegemea kompyuta. Injini hiyo imekuwapo tangu 1990 na vipuri vyake havijawahi kuwa tatizo. Chesisi ni nene, na muundo wake ni rahisi kuukagua kwa sababu hakuna plastiki nyingi za kuficha chuma. Kama unaitafuta Japani, kumbuka jambo hili: familia ya 70 ilitoka kwenye soko la huko mwaka 2004, ikarudi 2014 ikiwa na petroli ya lita 4.0 peke yake, kisha 2023 ikarudi na dizeli ya lita 2.8. Mtu akikuuzia 70 ya dizeli ya mwaka 2015 kutoka soko la Japani, muulize injini hiyo iliwekwa lini na nani.

Ya pili ni Land Cruiser 80 au 100 yenye dizeli ya lita 4.2 ya tabo. Ndiyo shangingi ninalolipenda kuliko mengine yote kwa safari ndefu. Kwenye 80 za mwanzo, zenye 1HD-T, bearing za konrodi hulika mapema. Zibadilishwe kabla hujaanza kuitumia, usingojee sauti. Chini yake kagua sana sehemu ya nyuma.

Ya tatu naipa Nissan Patrol, ambayo Japani iliitwa Safari, kwa sharti la injini ya TD42. Hapa sina cha kulalamika: ni injini ya kufanya kazi miaka na miaka, na ekseli zake ni imara sana. Yenye ZD30 ya lita 3.0, hasa za miaka ya mwanzo, iache. Pistoni zake zimeunguza pesa za watu wengi.

Prado inakuja ya nne, ingawa niliumia nayo. Kosa la ile yangu halikuwa la gari, lilikuwa la chumvi na la mtu aliyeipaka. Lakini kuna uongo mmoja unaozunguka kwenye matangazo ya Prado na unanikera, ule wa dizeli za miaka ambayo hazikuuzwa. Ukweli ni kwamba Japani iliacha kuuza Prado ya dizeli mwaka 2007 na kuirudisha 2015. Tangazo la Prado ya dizeli ya soko la Japani ya mwaka 2010 lina jambo limefichwa, ama mwaka, ama injini, ama nchi ilikotoka. Ukikubali ya 2015 kwenda mbele, hakikisha unakoishi kuna dizeli yenye salfa kidogo, maana kichujio cha moshi hakivumilii mafuta machafu.

Nampenda Toyota, ila kwenye kutu simtetei. Mwaka 2016 kampuni ilikubali Marekani kumaliza kesi ya chesisi zilizooza za Tacoma, Tundra na Sequoia, magari kama milioni 1.5, kwa gharama iliyokadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Hayo ni magari ya petroli, lakini yanaonyesha kwamba nembo haizuii chumvi.

Land Rover Defender ni ya tano. Bodi yake ni ya alumini kwa sehemu kubwa, kwa hiyo kwa macho haionekani kuzeeka, huku chesisi ya chuma chini yake inaoza, hasa kile chuma kinachokatiza nyuma kabisa. Inapomshinda Land Cruiser ni kwamba unaweza kununua chesisi mpya kabisa iliyochovywa zinki na kuhamishia gari zima juu yake. Ukipata Defender ya injini ya 300Tdi iliyokwisha kufanyiwa hivyo, na kazi ina ushahidi wa picha, mimi ningeipandisha hadi ya tatu.

Mitsubishi Pajero ya kuanzia 1999 ina starehe kuliko zote hizi na dizeli yake ya lita 3.2 si mbaya. Tatizo ni kwamba haina chesisi ya peke yake. Reli zimeunganishwa na bodi. Ikioza, hakuna cha kubadilisha.

Za bei nafuu zaidi, kama Isuzu Bighorn, nitazisemea kidogo tu: ile ya injini ya 4JX1 huruhusu dizeli kuingia kwenye oili kupitia slivu, zile bomba fupi zinazoshika injekta, na bei yake ndogo ina sababu.

Hasira yangu

Tangazo la kawaida lina picha thelathini. Usukani una picha nne. Redio ina picha. Chini ya gari, hakuna, au ipo moja iliyopigwa kwa mbali gizani. Ukiomba, unaambiwa gari la umri huo lazima liwe na kutu kidogo. Kidogo ni kiasi gani? Kisha unaambiwa kuna huduma ya kinga ya kutu kabla halijapanda meli, unailipia zaidi, na kinga yenyewe ni dawa nyeusi inayopulizwa juu ya tope. Hiyo huziba unyevu ndani na kumnyima mkaguzi nafasi ya kuona. Unalipa ili udanganywe vizuri zaidi. Wakati huohuo bei za Land Cruiser zinapanda kila mwaka, eti kwa sababu zimekuwa adimu, na mnunuzi anatakiwa atoe malipo ya awali yasiyorudishwa kabla ya kuona hata picha moja ya chuma anachokinunua.

Malipo ya awali siku hizi siyatoi mpaka nione ndani ya reli ya chesisi. Nimeshaachwa na wauzaji wanne kwa sharti hilo. Wa tano ameniletea picha sita za 70 ya mwaka 1996 kutoka Kagoshima, haijapakwa kitu, vumbi kavu la rangi ya udongo limelala ndani ya reli, na chini ya vumbi anaonyesha kwa kidole rangi ya kiwandani.